Umenipiga bila Hodi

Leo tuzungumze juu ya picha, nami najua ni kichekesho, maana hapa redioni sina hata moja ya kukuonyesha. Itabidi masikio yako yafanye kazi ya macho kwa dakika hizi chache.

Tuanzie Kariakoo, Mtaa wa Kongo, Jumamosi moja asubuhi. Kama hujafika, Mtaa wa Kongo ni barabara ambayo lami yake huioni. Nguo zimetandazwa juu ya maturubai, viatu vimepangwa jozi kwa jozi, mabegi yananing'inia mpaka juu ya vichwa, na kila hatua tano kuna spika inayorudia sauti moja iliyorekodiwa: elfu tano, elfu tano, elfu tano. Mkokoteni unapita, mwenyewe anapaza sauti apishwe. Hapo ndipo nilipokuwa, na kamera ndogo imening'inia kiunoni.

Kuna rafiki yangu aliyekuwa amenifundisha ujanja. Kamera usiinyanyue, aliniambia. Iache hapo kiunoni, wewe tazama kwingine, halafu bonyeza. Watu hawatajua. Basi mbele yangu alikuwepo mama mmoja anauza ndizi mbivu, beseni miguuni, jua la asubuhi limempata upande mmoja wa uso, na kanga yake ya kichwani ina rangi ileile ya ndizi. Nikainua macho kama mtu anayesoma bango la duka. Nikabonyeza.

“We kaka! Umenipiga?”

“Hapana mama, nilikuwa natazama bango.”

“Sikukuuliza bango. Nimekuuliza, umenipiga, hukunipiga?”

Vijana wawili wa kubeba mizigo wakatua magunia yao chini. Muuza soksi akazima spika yake, na ujue Kariakoo mtu akizima spika, jambo limekuwa jambo. Yule mama akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akasema maneno ambayo sijayasahau mpaka leo: “Umenipiga, na hodi hukupiga.”

Hakusema mwizi. Nataka uliangalie hilo. Neno hilo lilikuwa mdomoni mwake, na alikuwa na haki ya kulifikiria, kwa sababu mtu anayetazama juu huku mkono wake unafanya kazi chini, sokoni tunamjua kwa jina gani? Lakini Kariakoo neno hilo likishatamkwa halina rufaa. Yule mama alinihurumia kwa kutolitamka. Akanitaka nifungue kamera. Nikafungua, nikamwonyesha. Akaitazama picha kwa muda, akasema, “Futa.” Nikafuta mbele ya macho yake. “Haya, nenda.” Nikaenda, masikio yanawaka moto.

Nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imekwisha, nikabaki na ile sentensi. Umenipiga, na hodi hukupiga. Sisi Waswahili tunapiga vitu vingi. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga soga, tunapiga kura, tunapiga magoti. Hakuna anayeumia. Lakini mama yule alikirudisha kitenzi kwenye maana yake ya kwanza: alihisi amepigwa. Halafu akaweka kando yake kitu kingine tunachokipiga, hodi, akaniachia nivilinganishe mwenyewe.

Hodi ina mambo yake. Anayebisha husimama nje, mahali ambapo anaweza kuonekana. Hupaza sauti. Kisha husubiri, na hapo ndipo penye uzito, kwa sababu anayejibu ana hiari yake. Anaweza kusema karibu, anaweza kusema subiri kidogo, anaweza kunyamaza. Wazee walitufundisha: hodi mara tatu, usipoitikiwa, rudi ulikotoka na usikasirike.

Na iko hodi isiyo na maneno. Wewe uliyekulia nyumba yenye ua unaijua. Babu anapotaka kuingia uani, na anajua wanawake wako huko wanapika na vichwa viko wazi, hufanyaje? Hukohoa. Hana kikohozi wala mafua. Anakohoa ili wale walio ndani wapate nafasi ya kuvuta kanga. Hakuomba ruhusa kwa mdomo, lakini amewapa muda wa kujiweka sawa.

Msikilizaji, kamera iliyo wazi kifuani ni kikohozi cha babu. Hilo ndilo nililokuja kukueleza leo. Watu wengi hudhani kwamba mpiga picha asipotaka kuzusha taharuki mtaani, ajifiche. Mimi nimejifunza, kwa aibu, kwamba kinachoshtua watu ni kule kujificha.

Wala sikuwa wa kwanza kujificha. Mwaka 1916, jijini New York, mpiga picha aitwaye Paul Strand alifunga lenzi ya bandia ubavuni mwa kamera yake. Watu waliona lenzi inaelekea kule, wakatulia, kumbe lenzi ya kweli inawatazama wao. Moja ya picha alizozipata ni ya mwanamke kipofu, amevaa kibao shingoni kimeandikwa neno hilohilo, kipofu. Picha hiyo mpaka leo inafundishwa vyuoni. Miaka ishirini na ushei baadaye, katika jiji lilelile, Walker Evans alificha kamera ndani ya koti, lenzi ikachungulia katikati ya vifungo, akawapiga abiria wa treni za chini ya ardhi kati ya mwaka 1938 na 1941. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye wengi humwita baba wa picha za mtaani, aliifunika kamera yake ya Leica kwa utepe mweusi ili sehemu zinazong'aa zisimsaliti.

Hawa ni mabingwa, siwadharau. Lakini angalia kitu kimoja. Kitabu cha Evans cha wale abiria kilitoka mwaka 1966. Picha zile zilikaa robo karne kabla hazijakuwa kitabu. Moyoni mwake sijaingia, ila mimi ninayejua ladha ya picha ya kuiba nadhani naelewa kwa nini mtu huikalia picha namna hiyo.

Sisi pwani historia yetu ni nyingine, na ina pande mbili. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Unguja kulikuwa na maduka ya picha, ya akina Gomes na ndugu Coutinho, yaliyouza kadi za posta kwa wasafiri wa meli. Ziko mpaka leo, zinanunuliwa na wakusanyaji. Unamwona mwanamke amesimama, kanga zimempendeza, kapaka wanja, anakutazama moja kwa moja. Unatazama chini usome jina lake. Hakuna. Pameandikwa tu kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili. Alikuwa na jina, na wazazi waliompa jina hilo, na pengine wajukuu zake wako Ng'ambo pale wanakunywa chai saa hii. Sura ilisafiri mpaka Ulaya, jina likabaki gatini.

Upande wa pili ni mzuri zaidi. Mombasa, tangu mwaka 1942, kulikuwa na studio ya N. V. Parekh, ambapo watu walikwenda wamevaa, wamejipamba, wakachagua pozi na kukaa wanavyotaka kukumbukwa. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, akatembeza kamera yake mitaani kabla ya kufungua studio. Hebu fikiria kazi hiyo. Lamu ni vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Mpiga picha wa Lamu atajificha wapi? Kila anayempiga leo atakutana naye kesho msikitini, keshokutwa sokoni. Kwetu, basi, picha ni kitu cha kuvalia. Mtu hujiandaa kwa picha kama anavyojiandaa kwa harusi. Ukimpiga hajajiandaa, umemkuta na nguo za jikoni.

Sasa tuseme unataka kupiga picha mtaani, iwe kwa kamera au kwa hiyo simu iliyo mkononi mwako. Anza kwa kujua watu wanaogopa nini, maana wasiwasi wao una sababu, na sababu hazifanani.

Yule kijana mwenye meza ya chaja na vioo vya simu anamwogopa mgambo. Hajui wewe ni nani. Anachojua ni kwamba wiki iliyopita walipita watu wakipiga picha, na baada ya siku mbili meza zikabebwa. Kwake kamera ni dalili ya gari la jiji.

Mama lishe anaogopa mtandao. Anaogopa kuwa kichekesho. Ameona jinsi sura ya mtu asiyejulikana, aliyekuwa anapiga chafya tu, inavyogeuka stika ya WhatsApp na kuzunguka nchi nzima.

Mzee aliyeketi juu ya gunia, nguo zimechakaa kidogo, anaogopa kuuzwa. Ameshasikia kwamba picha za watu maskini zinaleta pesa huko nje, na kwamba pesa hiyo haijawahi kurudi mtaani kwao. Dada wa baibui ana hesabu za stara, na labda nyumbani aliaga anakwenda kwingine. Wapo pia wanaoamini kwamba picha ya mtu ikishikwa na mbaya wake, amekishika kivuli chake. Usimcheke huyo. Wewe mwenyewe ukiambiwa picha yako iko mikononi mwa mtu usiyemjua, utalala?

Ukishazijua hofu hizo, utaona dawa yake ni moja: ujulikane upesi wewe ni nani na unafanya nini. Ufundi wa kujulikana ndio huu nitakaokueleza.

Kamera itoke kwenye begi kabla hujafika mtaani. Kitu kinachochomolewa ghafla mbele ya watu kinashtua, hata kikiwa kijiko. Ingia nayo kifuani, watu waione tangu uko mbali. Kisha kaa. Mimi siku hizi nikienda mahali pageni huanza na kahawa. Namtafuta muuza kahawa, yule mwenye birika na mkaa wake chini, anayegonganisha vikombe, kwa-kwa-kwa, napewa kikombe changu na kashata, nakaa kwenye benchi na wengine. Nusu saa ya kwanza sipigi chochote. Nasikiliza Simba na Yanga wanavyochambuliwa. Mtu ataniuliza, “Hiyo kamera ya nini?” Nitamwambia. Kesi imekwisha hapo, maana benchi la kahawa lina mtandao wenye kasi kuliko intaneti. Kabla sijamaliza kikombe cha pili, mpaka fundi baiskeli wa kona ya pili anajua kuna jamaa hapa anapiga picha za watu na kazi zao.

Kisha lenzi. Acha zile ndefu za kupigia simba mbugani. Nitakupa hesabu. Kwa lenzi ya milimita 35, kwenye kamera ya fremu kamili, ili upate mtu kuanzia kichwa mpaka mapajani unahitaji kusimama kama mita 2 kutoka kwake. Kwa lenzi ya milimita 200, picha hiyohiyo utaipiga ukiwa zaidi ya mita 11, ng'ambo ya barabara. Mita mbili ni umbali wa salamu. Huwezi kusimama mita mbili mbele ya mtu usimwamkie. Mita kumi na moja ni umbali wa mpelelezi. Na simu nyingi, lenzi yake ya kawaida ina upana unaokaribia ule wa milimita 28, kwa hiyo nayo inakulazimisha usogee. Isikilize, sogea. Usivute picha kwa vidole viwili ukiwa umejibanza nyuma ya nguzo.

Ukisogea, salimia, kamera ikiwa imeshuka. Mzee mwamkie shikamoo, na subiri marahaba yako. Unguja anza na salamu aleikum. Halafu sema unachokitaka na sababu yake. “Mzee, naona unavyokuna nazi, mwanga umeingia vizuri hapo, naomba nikupige picha.” Sababu inasaidia sana. Mtu anataka kujua umeona nini kwake. Sifia kazi, sifia rangi ya kitambaa, sifia namna alivyopanga nyanya zake mafungu mafungu. Mwili wa mtu usiutaje.

Na ukishabonyeza, usikimbize macho. Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Tunapiga, halafu tunajifanya tulikuwa tunapiga kitu kilicho nyuma yake. Endelea kumtazama, itikia kwa kichwa, mwonyeshe kioo. Ukiona ameweka mkono usoni, amegeuza shingo, au amevuta mtandio, umeshajibiwa. Usimbembeleze. Wako wengine mia mbele.

Kuhusu pesa, utaulizwa, “Utanipa shilingi ngapi?” Mimi silipi sura, lakini nanunua. Nikimpiga muuza dafu, nakunywa dafu. Nikimpiga fundi viatu, soli yangu inashonwa. Na deni langu kubwa ni picha yenyewe. Nachapisha, narudi nayo. Picha ya karatasi mkononi mwa mwenyewe inakufungulia mtaa mzima. Ukirudi mara ya pili wataanza kukuita wao.

Sasa najua kuna mpiga picha ananisikiliza huko anatikisa kichwa. Anasema, bwana, ukiomba umeharibu. Mtu alikuwa anacheka, mikono inaruka, uhai umejaa. Ukisema naomba picha, anasimama wima, mikono ubavuni, uso umekauka kama anaomba pasipoti.

Ni kweli kabisa. Hilo halina ubishi. Lakini ile picha ya wima, kwa nini tunaidharau? Ndiyo aliyoichagua yeye. Ni mtoto wa picha za studio, zile za Parekh, zile zilizotundikwa sebuleni kwa bibi yako. Ipige, tena kwa heshima, na umchapishie hiyohiyo. Halafu usiondoke. Hii ndiyo siri yote. Kaa hapohapo. Mteja atakuja, ndizi zitapimwa, utani utaanza, na yeye atasahau kamera ingawa anajua ipo. Hapo piga ya pili. Ya kwanza ni yake, ya pili ni yenu wote, kwa sababu ameshakwambia karibu. Mtu aliyekukaribisha ndani hashtuki kila ukigeuza shingo.

Kuna mahali, hata hivyo, mtaa wenyewe ni ndani. Nenda Mji Mkongwe, Unguja. Mgeni anaona kichochoro, na mbele ya nyumba kibaraza cha mawe, na watu wamekaa juu yake. Kwa macho yake ni watu wa barabarani. Lakini baraza ni chumba cha nyumba kilichotoka nje. Hapo ndipo mwenye nyumba anapopokea wageni wake bila kuwaingiza kwa wanawake, hapo hunywa kahawa, hapo hupanga mazishi na posa. Ukimpiga mtu aliye barazani kwake bila kusema neno, umempiga sebuleni. Pale Jaws Corner, ambapo wazee hukaa na kahawa na dhumna, picha za watalii hupigwa kila siku, na utaona wazee wengine wamezoea, wengine wanageuza mgongo. Kuzoea si kuridhia. Mgongo ule ni mlango umefungwa.

Ziko nyakati nyingine ambazo hodi yenyewe haipigwi. Mtu anayekula kwenye benchi la mama ntilie, tonge limo mdomoni, mwache ale. Watoto, mpaka mzazi au mlezi aseme. Mtu anayelia, mtu anayeswali, jeneza linalopita. Kivukoni, kituo cha polisi, kambi ya jeshi na Ikulu, huko kamera ibaki imefungwa, maana utaulizwa maswali na watu wasiokunywa kahawa nawe.

Na sheria? Zipo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwao ya mwaka 2019. Septemba 2023, kamishna wa ulinzi wa data wa Kenya aliitoza faini baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizotumika bila wazazi kukubali. Shilingi za Kenya hizo. Kwa hiyo tofautisha: kupiga ni jambo moja, kutangaza ni jingine. Mtu aliyekwambia nipige hajasema nitundike kwenye tangazo la biashara yako. Hilo lina hodi yake ya peke yake.

Wako waliojaribu kuweka hodi ndani ya mashine. Japani na Korea Kusini, simu zinazouzwa huko hutengenezwa ili kamera itoe mlio kila inapobonyezwa, hata ukiinyamazisha simu. Wanawake walikuwa wanapigwa picha za siri kwenye treni. Ni jambo jema, ila mlio huja pamoja na picha. Hodi inayopigwa ukiwa umeshakaa kitandani kwa watu, hiyo ni hodi gani?

Labda unasema, mimi si mpiga picha, mazungumzo haya hayanihusu. Yanakuhusu. Juzijuzi ilitokea ajali barabarani, bodaboda na lori. Nilipofika, watu waliomzunguka majeruhi hawakupungua arobaini, na mikono iliyoinuliwa ilikuwa ya simu. Wa kumfunika kanga alikuwa mmoja. Yule aliyelala pale hakuweza kuvuta nguo, hakuweza kusema futa. Mama yake, popote alipo, pengine alipata habari kwa video. Kila mwenye simu leo ana kamera kiunoni, kama mimi siku ile Mtaa wa Kongo. Swali ni kama anatazama juu akijifanya anasoma bango.

Nimalizie kwa yule mama wa ndizi.

Nilikaa wiki tatu bila kupita mtaa ule. Aibu ina njia zake za kukuzungusha. Mwisho nikaenda, kamera kifuani, waziwazi. Nikasimama mbele ya beseni. “Hodi, mama.” Akanitazama kutoka miguuni mpaka juu. “Wewe si yule wa bango?” Nikasema ndiye. Akacheka mpaka muuza soksi akaja kuuliza kuna nini. Nikanunua ndizi, nikakaa kwenye kreti la soda aliloniburutia kwa mguu. Baada ya muda akasema mwenyewe, “Haya, piga sasa. Lakini ngoja.” Akafungua kanga ya kichwani, akaifunga upya. Akasimama wima, mikono ubavuni, uso wa pasipoti. Nikapiga.

Niliporudi na picha iliyochapishwa, aliigeuzageuza, akasema, “Umenikata miguu.” Na kweli nilikuwa nimemkata miguu. Kisha akatoa simu yake chini ya beseni, akaniambia, “Simama hapo.”

Msikilizaji, miaka yote hiyo nimepiga watu, sikujua mikono ya mtu huwa mirefu kiasi gani anapoelekezewa kamera. Niliiweka mfukoni, nikaitoa. Nikataka kutabasamu, meno yakagoma. Wabeba mizigo wanaangalia. Muuza soksi anaelekeza, “Kaka, inua kidevu.” Akabonyeza. Akaitazama, akamwonyesha jirani yake, wakacheka wote wawili wakishikana mabega.

“Hii nitaifanya stika,” akasema.

Moyo wangu ukashuka. Nikajua sasa alivyojisikia. Naye akaniona usoni, akaacha kucheka, akanishikia simu mbele ya macho yangu ili niione picha vizuri, kidole chake kiko juu ya alama ya kufuta. “Niifute?”

Nikamwambia iache.